Barua ya wazi kwa waliompa kibali Balozi Rocha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani,
na Waheshimiwa wajumbe wa kamati za ujasusi za Seneti na Baraza la Wawakilishi,
Washington.

YAH: KESI YA VICTOR MANUEL ROCHA, UPEKUZI WENU, NA SISI TULIOSEMA KWELI

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Mimi ni raia wa Marekani kwa kiapo, Mzanzibari kwa kuzaliwa, na mkalimani kwa kazi. Siku nyingi utanikuta hospitalini hapa Maryland, nimekaa kati ya daktari na mama wa Kikongo aliyetoka kambini, au mzee wa Kizigua aliyekulia Somalia, nikiyageuza maneno ya huyu yamfikie yule.

Kabla ya kuja hadharani nilipita mlango wa kawaida. Niliandika barua tatu kwa Kiingereza, mbili kwa ofisi ya serikali nisiyoitaja hapa na moja kwa mwakilishi wangu bungeni. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari minne, kwamba suala langu linashughulikiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa kuletewa nakala ya jibu la ile ya pili. Basi leo nasema mbele za watu, na kwa lugha yangu.

Naanza na mtu wenu kabla sijafika kwangu.

Victor Manuel Rocha alizaliwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1950. Aliletwa New York angali mtoto, akalelewa Harlem na mama mjane, akapata nafasi katika skuli ya bweni wanakosoma watoto wa wenye nazo, kisha Yale, Harvard na Georgetown. Uraia aliupata 1978. Mwaka 1981 aliingia Wizara ya Mambo ya Nje, na kwa maneno ya waendesha mashtaka wenyewe, kufikia takriban mwaka huohuo alikwishakuwa mtu wa idara ya ujasusi ya Kuba.

Akapanda. Mwaka 1994 hadi 1995 alikuwa Ikulu, kwenye Baraza la Usalama la Taifa, akishughulikia nchi za Amerika, Kuba ikiwa mojawapo. Kisha mkampeleka Havana kwenyewe, naibu katika ofisi iliyokuwa ikisimamia maslahi ya Marekani pale. Kisha Buenos Aires. Kisha akawa balozi nchini Bolivia, 2000 hadi 2002. Na alipokwishastaafu, takriban 2006 hadi 2012, akawa mshauri wa kamanda wa Kamandi ya Kusini ya jeshi, ambayo eneo lake la ulinzi linaijumuisha Kuba. Naomba muisome tena orodha hiyo, taratibu.

Alinaswa na ofisa wa FBI aliyejifanya mjumbe wa Havana. Alijiita Miguel, akamwandikia kwa WhatsApp Novemba 2022, wakakutana mara tatu mjini Miami. Mzee wa watu akafunguka. Alisema ameitumikia Havana karibu miaka 40. Fidel Castro, aliyekuwa kiongozi wa Kuba, alikuwa "Comandante" na Marekani ilikuwa "adui". Huku nje, mbele ya majirani na marafiki, alijulikana kuwa mpinzani mkali wa Castro na shabiki wa siasa za mrengo wa kulia, na kwa Miguel alieleza kwamba hilo lilikuwa vazi alilolishona makusudi. Disemba 2023 akakamatwa. Tarehe 12 Aprili 2024 Jaji Beth Bloom alimhukumu miaka 15 jela, akiwa na umri wa miaka 73.

Kila niliyemsimulia habari hii alinijibu kwa methali ya kikulacho. Siirudii. Methali ile inamsema mdudu. Mimi nina neno na mwenye nguo.

Hoja ya 1. Mlionywa.

Shirika la habari la AP limeripoti kwamba mwaka 2006 mstaafu mmoja wa CIA aliyekuwa akiishi Miami alidokezwa na luteni kanali aliyelitoroka jeshi la Kuba: Rocha ni wao. Mstaafu yule mwenyewe alidhani ni njama ya kumchafua mpinzani mwenzake wa Castro. Hata hivyo aliipeleka habari CIA, na huko nako hawakuiamini. AP ikaongeza kwamba tangu 1987 zilikuwepo fununu za mtu wa Castro aliyejichimbia ndani sana serikalini.

Waheshimiwa, 2006 ndio mwaka ambao mtu huyu anaanza kukaa na kamanda wa Kamandi ya Kusini. Onyo liliingia kwa mlango mmoja na yeye akaingia kwa mlango mwingine, na milango hiyo miwili haikujuana.

Ingekuwa mara ya kwanza, ningesema bahati mbaya. Ana Belén Montes alikuwa mchambuzi mkuu wa mambo ya Kuba katika idara ya ujasusi ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka 1996 mfanyakazi mwenzake alimtilia shaka, akasema. Montes aliitwa, akahojiwa, akajibu vizuri, akarudi mezani kwake. Alikamatwa Septemba 2001, siku kumi baada ya minara ya New York kuanguka. Hiyo ni miaka mitano. Walter Kendall Myers, wa ofisi ya uchambuzi wa kijasusi ya Wizara hiihii ya Mambo ya Nje, aliitumikia Kuba karibu miaka 30 pamoja na mkewe, na alikamatwa 2009 akiwa tayari amestaafu. Alipofungwa maisha mwaka 2010, hapo hamkukumbuka ile habari ya 2006? Jasusi wa Kuba katika wizara ileile amekwishathibitika, na jina la pili liko kwenye faili fulani. Rocha alibaki mshauri wa kamanda kwa takriban miaka miwili zaidi.

Hoja ya 2. Upekuzi wenu humwadhibu anayesema.

Hapa naingia mwenyewe, na mtaniwia radhi nikirefusha.

Miaka kadhaa iliyopita ilitangazwa kazi ya ukalimani wa Kiswahili kupitia mkandarasi wa serikali. Ilihitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kufikia siri za serikali. Nikajaza ile fomu ya upekuzi ambayo, ikichapishwa, ni kurasa zaidi ya 100. Inataka kujua ulikolala, ulikosafiri, uliyemkopa, na jamaa zako walioko nje. Ina nafasi ya baba, mama, kaka, dada na wakwe. Nafasi ya ami haina. Kwa Wamarekani labda ami ni mtu wa kuonana naye Krismasi. Kwetu, baba alipofariki, ami ndiye aliyenisomesha. Nikaona nikimwacha nitakuwa nimesema uongo, basi nikamwandika kwenye sehemu ya wageni ninaowasiliana nao kwa karibu. Nikaandika pia, kwa sababu fomu inahimiza ukweli kamili, kwamba ami ni daktari na udaktari aliusomea Havana miaka ya 1980.

Kwetu hilo si ajabu. Castro alikuja Tanzania Machi 1977. Madaktari wa Kuba wametibu Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na kiwanda cha Kibaha kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kilijengwa kwa utaalamu wa Kikuba. Kenya nayo iliwaajiri madaktari wao kuanzia 2018 hadi 2023. Ukimtafuta mtu wa pwani asiyejuana na aliyesomea Kuba au aliyetibiwa na Mkuba, utachoka.

Mpekuzi alinihoji mara ya kwanza, nikaeleza. Akarudi mara ya pili, na ya tatu.

"Ami yako alijifunza nini Havana?"
"Udaktari."
"Na kingine?"
"Kihispania, na dhumna."

Akaandika. Hadi leo sijui aliandika nini, maana hakuniuliza dhumna ni mchezo gani. Pengine kwenye jalada langu imo kama jina la kikundi.

Mwaka ukapita, wa pili ukakatika. Mkandarasi hakuweza kungoja, akamchukua mwingine. Ami mwenyewe nilipompigia kumweleza alicheka mpaka akakohoa, kisha akanyamaza, akaniambia, "Mwanangu, ungenifuta tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko kazi iliyopotea. Mtu wa miaka sabini na ushei, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa wake, anajiona yeye ni doa la kufutwa kwenye karatasi ya mtoto aliyemlea.

Ningekataliwa, sheria zenu zingenipa haki ya kuelezwa sababu na kukata rufaa. Lakini sikukataliwa. Niliachwa. Aliyeachwa hana pa kukatia rufaa.

Sasa mweke Rocha kando yangu. Aliulizwa maswali ya namna hiihii, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu vibali hupitiwa upya. Alidanganya kila safari na akapita kila safari. Mimi nilimtaja ami anayevaa kanzu na kucheza dhumna barazani, faili likakwama. Wanaofanana nami ni wengi: Wakongo, Wasomali, Wayemeni, Waomani wenye asili ya Unguja. Vijana wetu wamekwishajifunza, na hili halimo katika ripoti zenu: kwenye fomu, punguza ndugu. Upekuzi wenu unawafundisha watoto wa watu kusema uongo, halafu unawatafuta waongo.

Hoja ya 3. Hatujaambiwa alitoa nini.

Magazeti yanamwita jasusi aliyepatikana na hatia ya ujasusi, nami siwalaumu. Lakini ukisoma kesi yenyewe, Rocha alikiri makosa mawili: kula njama ya kutumika kama wakala wa serikali ya kigeni, na kuwa wakala huyo bila ya kujitambulisha. La kwanza kifungo chake cha juu ni miaka mitano, la pili kumi. Ndiyo ile kumi na tano. Mashtaka mengine 13 yalifutwa kwa makubaliano. Hakushtakiwa kwa kukabidhi siri hata moja. Alitozwa faini ya dola 500,000, akanyang'anywa mafao, akaahidi kushirikiana na wachunguzi.

Myers alifungwa maisha. Montes alipewa miaka 25 na ametoka Januari 2023. Mwanasheria Mkuu wenu wa wakati ule, Merrick Garland, aliieleza kesi ya Rocha kuwa miongoni mwa za kuingiliwa kwa juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi katika serikali ya Marekani. Ikiwa ni hivyo, mbona hukumu imekuwa ya kosa la kutojiandikisha? Na ikiwa hukumu ndiyo sahihi, mbona maneno makubwa?

Huenda mlikosa ushahidi wa siri alizotoa. Kukiri kwake mbele ya Miguel kulikuwa kukubwa kwa majigambo na kudogo kwa nyaraka. Hilo naweza kulielewa. Nisichokielewa ni ukimya baada ya hapo, hali makubaliano yalimtaka aseme.

Na wako watu wanaohitaji jibu kuliko mimi. Februari 24, 1996 ndege za kivita za Kuba ziliziangusha ndege mbili ndogo za kiraia za Wakuba wa Miami, wakafa wanaume wanne. Wakati huo Rocha alikuwa ofisini kwake Havana. Simsemi kwamba alihusika; sina ushahidi huo na sijaona aliye nao. Nasema kwamba familia zile zimeishi karibu miaka 30 na swali, na mwaka 2024 wakaongezewa lingine.

Hoja ya 4. Bolivia.

Hili mtasema si langu, nami nalipita haraka. Juni 2002, siku chache kabla ya uchaguzi, Balozi Rocha aliwaonya Wabolivia kwamba wakimchagua Evo Morales, kiongozi wa wakulima wa koka, msaada wa Marekani utakuwa hatarini. Wananchi wakakasirika, kura za Morales zikapanda, akatoka wa pili. Alishinda mwishoni mwa 2005. Morales alikuwa akimtania Rocha kuwa ndiye meneja wake wa kampeni. Leo utani huo hauchekeshi. Je, onyo lile lilikuwa la Washington, la Havana, au la mtu mwenye kiburi tu? Wabolivia walisemwa vibaya kwa jina la Marekani, na mimi ambaye sasa ni Mmarekani ningependa kujua aliyesema ni nani.

Hoja ya 5. Nani amewajibika?

Nitajieni jina moja tu. Silijui hata moja.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua, maana mengine nimekwishaletewa.

Mtasema Rocha alikuwa hodari mno. Hodari gani? Miguel alimtumia ujumbe kwa simu, mtu asiyemjua, naye akaenda na kusimulia maisha yake yote. Huyo si mjanja wa kushindikana, ni mtu aliyezoea kutoulizwa. Alikuwa na Yale, suti, na urafiki na wakubwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Mtasema mashine ya kupima uongo ingemnasa, basi iongezwe. Montes aliipita mashine hiyo. Aldrich Ames wa CIA, aliyewauzia Warusi majina ya watu waliouawa, aliipita mara mbili, 1986 na 1991.

Mtasema mambo haya ni ya siri kwa usalama wa taifa. Havana inajua Rocha aliwapa nini. Rocha anajua. Ninyi, natumaini, mnajua. Aliyebaki gizani ni mlipakodi peke yake, na siri ya namna hiyo haimlindi yeye.

Na wako watakaosema, tena kwa sauti ya juu siku hizi, kwamba dawa ni kuwakaza zaidi wazaliwa wa nje, maana Rocha ni mzaliwa wa Kolombia. Hili limenikaa kooni, basi nalijibu kwa majina. Montes alikuwa binti wa daktari wa jeshi la Marekani, na mdogo wake wa kike alikuwa mfasiri wa FBI hukohuko Miami. Myers ni kitukuu cha Alexander Graham Bell. Ames mzaliwa wa Wisconsin. Robert Hanssen wa FBI mzaliwa wa Chicago, baba yake polisi. Mkitaka kuchora sura ya jasusi kwa nasaba, choreni na hao, kisha mje mniambie ami yangu anafanana na nani.

Ninachoomba ni haya.

Kwanza, tathmini ya madhara ya Rocha ikikamilika, mtoe muhtasari wake kwa umma, yakifichwa yale tu yanayohatarisha maisha ya mtu aliye hai. Sitaki majina ya vyanzo. Nataka kujua kama siri zilitoka, za miaka gani, na kama sera ya Marekani iliwahi kuandikwa kwa kalamu ya Havana.

Pili, wakaguzi wa ndani wachunguze safari ya onyo la 2006: lilipokelewa wapi, lilisomwa na nani, na kwa nini halikuifikia Kamandi ya Kusini. Kamati za Bunge zipewe ripoti hiyo, na walau sehemu yake isomwe mbele ya kamera.

Tatu, kila mwombaji wa kibali awekewe muda wa mwisho wa kujibiwa. Muda ukipita bila jibu, uhesabiwe kuwa ni kukataliwa, ili haki ya kuelezwa sababu na kukata rufaa ianze hapo. Hili halihitaji fedha nyingi wala mashine.

Nne, wapekuzi wanaopelekwa kwa watu wetu wafundishwe jinsi jamaa zetu zinavyopangwa. Ami, khalati, mtoto wa kulea, somo, mtani. Anayetaja watu ishirini huenda ndiye asiyeficha. Asiye na hata mmoja ndiye wa kuulizwa mara ya tatu.

Kuhusu jalada langu mwenyewe siombi upendeleo. Naomba jibu, hata likiwa hapana.

La mwisho ni kuhusu lugha. Rafiki yangu aliyeisoma rasimu hii aliniuliza kwa nini nimewaandikia wakubwa wa Washington Kiswahili wasichokijua. Nimefanya makusudi. Serikali ilitangaza kwamba inahitaji mtu wa kuisomea maandishi ya Kiswahili. Ikiwa mlimpata, basi atawafasiria barua hii neno kwa neno, na nitashukuru. Na ikiwa hadi leo kiti kile ki wazi, anwani yangu mnayo. Iko kurasa za mwanzo za ile fomu, kurasa nyingi kabla ya ami.

Nawasilisha.

Mkalimani, mzaliwa wa Unguja,
Maryland.